Bafta ya Kulalia

Aliyelitunga neno "kiinua mgongo" bila shaka mgongo wake haukuwahi kumwuma. Mtu huinama ujana wake wote, akifua, akibeba, akipiga deki sakafu za watu, na siku mgongo wenyewe umeshazoea kupinda ndipo huitwa ofisini akapewa cha kuuinulia. Haya, tuseme ahsante. Bagamoyo ya miaka ile, Uhuru ukiwa bado mchanga, ilikuwa na wazee wengi wa namna hiyo, matarishi na wapishi na mabaharia wa forodha, walioanza kazi wakati wa Mwingereza wakaimalizia chini ya bendera mpya. Na kila mmoja, fedha zake zilipomfikia, alizifanyia jambo ambalo mkewe hakulielewa.

Bwanausi, aliyekuwa tarishi wa mahakama, alinunua redio ya mbao yenye jicho la kijani, akaiweka dirishani ikitazama barabarani, ili hata wasiotaka kusikia wasikie. Mzee Hija, mpishi wa zamani wa hospitali, alinunua saa ya mkononi na hali kuisoma hajui. Ukimwuliza ni saa ngapi, anakunyooshea mkono usome mwenyewe, naye anatabasamu kama aliyekupa kitu. Watu waliwacheka, lakini kicheko kile hakikuwa na uchungu ndani yake. Mji ulikuwa mdogo, na kila mtu alijua kwamba wazee wale walikuwa wakivinunua vitu walivyovitazama kwa muda mrefu mikononi mwa wengine.

Aliyebaki kungojewa ni Sadallah wa Gongoni. Huyu alikuwa dobi wa resti hausi, nyumba ya serikali walikofikia wageni wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na alikuwa akifua na kupiga pasi pale tangu ndevu zake hazijaota mpaka zilipokuwa nyeupe. Kiinua mgongo chake alikipata pamoja na Bwanausi, lakini wiki zilipita, redio hakuna, saa hakuna, hata kanzu mpya hakuna. Kila asubuhi aliamka kabla ya jogoo wake mwenyewe, akaswali, akavaa kofia, akatoka hadi uani, akasimama. Hapakuwa na pa kwenda. Mikono yake ilining'inia mbele, ncha za vidole zimechujuka kwa sabuni ya miaka, na vidole vyenyewe vikijikunja na kujikunjua kama vinavyokamua kitu.

"Baba Mina, kaa chini bwana," mkewe alimwambia siku moja. Mkewe ni Bi Chausiku, msuka mikeka, na ndivyo alivyomwita tangu alipozaliwa binti yao wa pekee, Mina, ambaye sasa alikuwa ameolewa Pangani na ana watoto wake. "Hata punda hupewa siku ya kupumzika."

"Nimekaa," alisema Sadallah, amesimama.

Kumbe alikuwa na kitu alichokitaka, tena alikitaka tangu ujana, ila kilimtia haya hata kukitamka. Alitaka kulala juu ya mashuka. Si kanga iliyochakaa, si kikoi, si mkeka wa Bi Chausiku, ingawa mikeka yake ilisifiwa mpaka Saadani. Alitaka mashuka ya kitanda, meupe, yaliyotiwa buluu na wanga, yaliyopigwa pasi ya makaa yakanyooka, yakatandikwa yakabana pembe zote nne. Alikuwa ameyafua mashuka ya namna hiyo maisha yake yote, na ubavu wake haujawahi hata siku moja kuyagusa.

Mtu asidhani kazi ya dobi ni maji na sabuni tu. Sadallah aliwajua wageni wa resti hausi bila ya kuwaona nyuso. Shuka lilimwambia nani amelala kama gogo, na nani amejigeuza usiku kucha akingoja kuche. Lilimwambia nani amekula biskuti kitandani kwa siri, mtu mzima na cheo chake. Palikuwa na mke wa afisa mmoja aliyekaa pale msimu mzima wa masika, na kila asubuhi foronya yake ilikuja kwa Sadallah ikiwa na unyevu upande mmoja, yenye chumvi. Sadallah hakusema na mtu. Alichofanya ni kutia tone la marashi ya waridi katika maji ya mwisho ya kusuuzia, kila siku, mpaka yule mama alipoondoka. Hawakuonana, wala yule mama hakujua ni nani aliyempa pole.

Alizikumbuka siku zile kwa mapenzi, na hilo nalo lilimtia haya kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wakisema habari za Uhuru na yeye moyoni anakumbuka kamba za kuanikia. Lakini mashuka yalivyokuwa yakijaa upepo pale uani, saa tatu ya asubuhi, na harufu ya mvuke pasi inapogusa nguo yenye unyevu, na wenzake wakiimba huku wakipulizia maji kwa mdomo! Aliyeuona ua ule akiwa kijana, akiwa na nguvu, ana haki ya kuukumbuka, bendera yoyote iwe inapepea.

Basi alianza kwa kununua godoro la sufi. Lilipita mtaani kichwani mwa mchukuzi, jipya, limejaa, na watu wakafurahi. "Afadhali," walisema, "dobi naye amezinduka." Bi Chausiku alilibonyeza kwa kidole, akaguna, kwa kuwa msuka mikeka hawezi kulisifu godoro waziwazi, lakini siku ile alilala juu yake mpaka jua lilipochomoza.

Kesho yake Sadallah akaenda duka la nguo la Kasamali, penye majora yaliyopangwa mpaka darini. Alikuta wanawake wawili wakichagua kanga, akaona angoje kwanza wamalize. Hawakumaliza. Mwanamke anayechagua kanga hamalizi, huchoka tu. Mwishowe akajikaza, akaiinamia meza, akasema kwa sauti ya chini:

"Nataka bafta. Nzuri, nyeupe, isiyo na dosari."

"Bafta ya nini, mzee?"

"Ya kulalia."

Sasa, bafta kwa watu wa pwani ni nguo yenye kazi yake inayojulikana. Ndiyo nguo ya sanda. Na hakuna mzee mwenye adabu anayeingia dukani akasema nataka sanda yangu. Husema kwa kuzunguka, kwa maneno ya upole, na wenye kusikia husikia. Mzee aliyestaafu juzi akisema anataka bafta ya kulalia, duka zima limeshaelewa. Asiyeelewa siku ile alikuwa Sadallah peke yake, aliyekuwa akifikiria kitanda chake.

Kasamali aliuweka mkasi chini. "Ya kulalia nani?"

"Mimi mwenyewe. Kazi nimemaliza, Bwana Kasamali. Sasa nataka nipumzike, nilale raha mustarehe."

"Mungu akujaalie. Lakini, mzee, si mapema?"

"Mapema! Nimengoja sana mimi. Tena wenzangu wameshanitangulia." Alikuwa na maana ya Bwanausi na redio yake, na Mzee Hija na saa.

Wale wanawake waliziacha kanga mezani. Mmoja wao, Bi Kibibi, ambaye ni jirani yake Sadallah ukuta kwa ukuta, alivuta ushungi mpaka machoni. Kasamali naye, mtu asiyekupa hata kamba ya kufungia mzigo bila kunung'unika, alitaja bei ndogo, hakutaka maneno. Hakukata kwa mkasi, aliichana nguo kwa mikono, polepole, akaikunja kwa heshima, na juu yake akaweka kichupa cha marashi. "Hii sadaka yangu mimi," alisema, na macho yake yalikuwa chini.

Sadallah alitoka akistaajabu. Alikuwa hajui kama mtu akistaafu huheshimiwa namna ile. Njiani vijana waliokaa kwenye baraza waliinuka wote kumwamkia, na shikamoo zao zilikuwa za pole kama za msibani. Alipofika kwa Bwanausi, Bwanausi alimtazama, akaliona furushi jeupe, akanyoosha mkono akaizima redio. Redio ile ilikuwa haijazimwa mchana tangu inunuliwe.

Nyumbani Bi Chausiku alilipokea furushi, akalipapasa, akajua ni nini. Hakuuliza. Mambo ya bafta mke hamwulizi mume, ni kama kumhesabia siku zake.

"Nitakuonyesha ikishakuwa tayari," alisema Sadallah kwa haya.

Mkewe aligeuka ghafla akaenda jikoni, na yeye akadhani kuna chungu kinaungua.

Siku zilizofuata zilikuwa siku za neema. Alipikiwa pweza wa nazi, akapikiwa mkate wa kumimina, chai ikaletwa na iliki na maziwa bila ya kuombwa. Alichotewa maji ya moto ya kukanda mgongo. Mkewe alimtazama anapokula, akamtazama anapovaa viatu, na Sadallah alipouliza, "Una nini?" alijibiwa, "Sina kitu, kula." Bwanausi alikuja kukaa naye kutwa moja, akasema mara mbili kwamba wameishi vizuri, hawakugombana. Sadallah alikubali, hawakugombana. Akalala usingizi wa mtu aliyeridhika, huku bafta ikingoja kwa fundi cherehani aliyekuwa na kazi nyingi, alikoipeleka kwa siri bila kusema ni ya nini.

Ndipo akaja Majaliwa. Majaliwa alikuwa mdogo wake, mkulima wa huko Mkange, mtu asiyekuja mjini ila kwa mahindi au kwa maiti. Aliteremka kwenye lori, kuku mkononi na macho mekundu, akaingia bila hata kupiga hodi sawasawa, akakaa chini miguuni pa kaka yake.

"Kaka, nimekuja tuombane radhi."

"Radhi ya nini?"

"Yule beberu wa marehemu baba. Tuliyesema kachukuliwa na chui."

"Si chui ndiye aliyemchukua?"

Majaliwa alitikisa kichwa. "Hapakuwa na chui, kaka. Nilimwuza mimi kwa watu wa msafara wa chumvi."

"Majaliwa! Nilichapwa mimi kwa beberu yule! Baba alisema nililala machungani!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kabla hujaondoka."

"Naondoka nakwenda wapi?"

Majaliwa akamtazama Bi Chausiku, Bi Chausiku akatazama ukuta, na hapo Sadallah akaona mabega ya mkewe yanatikisika. Akainuka. Akauliza kuna nini, na safari hii alitaka jibu. Bi Chausiku akageuka, uso wote machozi.

"Wewe ndiye utuambie! Umekwenda kujinunulia sanda yako mbele ya Kibibi, mji wote unajua, mimi mkeo ndiye wa mwisho. Unaumwa nini, Baba Mina? Kwa nini hukuniambia?"

Sadallah akakaa chini. Maneno yake ya dukani yalimrudia moja moja, ya kulalia, nipumzike, wenzangu wametangulia, na masikio yakamwaka moto. Ikabidi aseme. Alisema akiutazama mkeka, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari: kwamba ile ilikuwa nguo ya mashuka, ya kitanda, ya kutandika juu ya godoro, na kwamba alitaka mara moja tu katika umri wake alale kama walivyolala wale aliowafulia.

 Kisha Bi Chausiku akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, akalia tena palepale katikati ya kicheko, halafu hasira zikampanda.

"Siku zote hizi mimi nakaa eda na mume yu hai! Na yule pweza! Unajua nilivyomtafuta pweza yule?"

Majaliwa alijikohoza. Aliona kwa kuwa hakuna msiba, huenda angeweza kurudi na kuku wake.

"Kuku anabaki," alisema Sadallah. "Ni wa beberu."

Mji ulicheka mwezi mzima. Hata leo ukikutana na mtu aliyekuwapo atakuambia kicheko kile kilikuwa kitamu, kwa kuwa kilikuwa cha kumpata mtu mliyedhani mmempoteza. Kasamali alidai kichupa chake cha marashi kwa utani kila Sadallah alipopita. Fundi naye, kusikia habari, akayamaliza mashuka siku ileile, mawili, yenye upindo mwembamba ulionyooka.

Na Sadallah akayafua. Hiyo ndiyo siku ambayo Bi Chausiku alimwona mumewe kama alivyokuwa zamani. Alivua kofia, akakunja mikono ya shati, akachemsha maji, akachanganya wanga wa muhogo kwa kidole akiuonja kama mchuzi, akatia buluu kidogo, kwa kuwa buluu nyingi ni ushamba. Aliimba. Mashuka yalipoanikwa uani, wanawake wa jirani walikuja kuyatazama na watoto wakafukuzwa wasiyakaribie. Aliyapigia pasi juu ya meza ya kulia chakula, akiyapulizia maji kwa mdomo, na mgongo wake uliopinda ulikuwa umepinda mahali pake hasa, pa kazi. Akatandika. Chumba kile chenye ukuta wa udongo kilionekana kama kina dirisha la pili.

Akakoga, akavaa kikoi safi, akajilaza mchana ule, baada ya adhuhuri, saa ambayo zamani alikuwa juani. Alilala chali, pembeni, mikono kifuani. Hakupata usingizi. Aliogopa kugeuka. Kila nguo ilipolia chini ya ubavu wake, alisikia mkunjo, na mkunjo kwa dobi ni kosa. Mwishowe alinyanyuka polepole, akaunyoosha mahali alipokuwa kwa kiganja, akajitandikia mkeka chini, akalala usingizi mzito.

"Haya, hayo ndiyo nini?" aliuliza Bi Chausiku alipomkuta.

"Nikilala pale naona kama mwenyewe anakuja."

"Mwenyewe gani? Mwenyewe si wewe?"

"Mimi najua," alisema Sadallah kwa unyonge. "Mwili ndio haujui."

Alijaribu tena kesho, na keshokutwa, na mambo yakawa yaleyale. Basi akayakunja mashuka, pembe kwa pembe, akayaweka kashani. Alisema yangoje masika yaishe, kwa sababu ya tope. Masika yakaisha. Akasema yangoje Idi. Idi ikaja, na Mina akaja kutoka Pangani na watoto, na Sadallah akasema hapana, watoto watayachafua. Yakakaa. Kila Ijumaa aliyatoa, akayapapasa, akayakunja upya na kuyarudisha, na kasha likafungwa.

Naye mwenyewe akaanza kupungua. Si kwamba aliumwa, homa hakuwa nayo. Alikula nusu ya alichopewa. Aliacha kwenda barazani kwa Bwanausi, akisema redio inampigia kelele. Alikaa ukumbini mikono mapajani, na ukimwuliza unafikiria nini, anakwambia habari za ua ule wa zamani, nani alikuwa akikamua na nani akianika, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Ilikuwa tamu kumsikiliza, lakini mwishowe Bi Chausiku aliona kwamba mumewe anazitaja siku zile kama mtu anayetaja kwao, anakojiandaa kurudi.

Siku moja ya Ijumaa, akiwa ameyapakata mashuka, Sadallah alisema tu, bila ya uzito wowote:

"Unajua, watu hawakukosea sana. Bafta ni bafta. Haya hayatapotea, siku moja yatapata kazi yake. Upindo ni kufumua tu."

Bi Chausiku alikuwa akisuka. Ukili ulimponyoka. "Usiseme hivyo."

"Nimesema nini kibaya? Si yapo tayari, meupe, safi?"

"Safari ile nililia bure, mji ukanicheka, nami nikacheka. Sasa naona sikulia bure, nililia mapema tu." Aliusukuma mkeka kando. "Baba Mina, si mashuka yaliyomo katika kasha lile. Umo wewe. Unajikunja kidogo kidogo, nami nakutazama. Umefanya kazi tangu utoto, Mungu amekupa mapumziko ukiwa hai, na wewe huyataki mpaka ufe?"

 Sadallah alitaka kumwambia kwamba anayataka, kwamba hajui tu yanavyoanzwa. Lakini mtu wa umri wake atasemaje neno kama hilo? Alilifunga kasha.

Wiki ile Bi Kibibi alikuwa akimwoza mjukuu wake. Nyumba ilijaa wanawake, majani ya mhina yakitwangwa na ndimu, vigelegele vikivuka ukuta, na Bi Chausiku alishinda huko akisaidia na kuimba kama wenzake. Sadallah alikwenda msikitini, akaswali adhuhuri, akarudi polepole kwa njia ya kivulini. Alipoingia ndani alikuta kasha liko wazi.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kimetandikwa vibaya, pembe zimelegea, upande mmoja umening'inia mpaka chini, kazi ambayo resti hausi ingemfukuzisha mtu. Na katikati yake, juu ya weupe ule, alikuwa amelala Bi Chausiku na kanga zake za harusi. Miguu yake ilikuwa imepakwa hina kama ya bibi harusi, nene, mbichi, hata haijafungwa kitambaa, na nyayo zote mbili alikuwa amezikanyagisha kwenye shuka. Maji mekundu ya hina yalikuwa yakinywewa na nguo, yakitambaa.

"Chausiku!"

Jina hilo lilimtoka kama lilivyokuwa likimtoka zamani, kabla hajawa baba wa mtu. Hakuwa amelitamka tupu hivyo tangu Mina azaliwe.

"Abee," alisema mkewe, na hakuinuka.

"Hina! Hina mbichi! Unajua hina haitoki kwenye nguo nyeupe? Ndimu haiitoi, jua haliitoi, uchemshe usichemshe haitoki!"

"Najua. Nimeishi na dobi."

"Sasa hili shuka halifai tena ku..." Akasita.

"Halifai kufanya nini? Malizia."

 Sadallah alisimama mlangoni akilitazama doa linavyokua. Nani angemvika maiti nguo yenye hina ya mkewe?

"Halifai," alisema mwishowe.

"Halifai kabisa." Bi Chausiku alikuwa ameinuka akakaa, na sasa ushujaa wote ulikuwa umemwishia. "Nichukie ukitaka. Mimi sikutaki kashani. Nataka ulale, halafu uamke. Ulale, uamke. Basi, sitaki jingine."

Vidole vya Sadallah vilikuwa vimeshaanza kwenda zake. Vililijua doa, vilitaka maji baridi, vilitaka ndimu na chumvi kabla halijashika. Alivitazama vinavyojikunja. Halafu kitu kifuani mwake kikalegea, na akajisikia anacheka, polepole, kicheko cha mtu aliyeshindwa na kufurahi kushindwa, na machozi yakimtoka bila ya yeye kuyaona haya. Shuka lile halingerudi tena kuwa jeupe. Hakuna mtu duniani ambaye angelidai. Alivua kofia, akaitundika msumarini.

"Sogea," alisema. "Umelala katikati."

"Utajipaka hina."

"Nijipake."

Akapanda kitandani, akajinyoosha, na kisigino chake kikaangukia palepale penye unyevu. Aligeuka upande wa kulia, shuka likakunjamana. Akageuka kushoto, likakunjamana zaidi. Huko ng'ambo ya ukuta wanawake walipiga vigelegele, na yeye hakuvisikia mpaka mwisho, kwani alikuwa ameshachukuliwa na usingizi, mdomo wazi, akikoroma.

Bi Chausiku hakulala. Alikaa akimtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Adhana ya alasiri ilipoanza aliiacha iite kidogo, akaogopa, kisha akamgusa begani.

Akaamka, akauliza kama kuna chai.